Tanga kwa Mvua na kwa Jua: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ndiyo maswali tunayoulizwa kila mwaka na ndugu wanaoshuka kutoka Arusha na Dodoma, wanafunzi wanaokuja mafunzoni, na wana-Tanga waliokulia mbali wanaorudi kuijua kwao. Karibu yote yanaegemea jambo moja. Tanga haiendi kwa kalenda ya likizo. Inakwenda kwa mvua, kwa upepo na kwa maji ya bahari. Ukiyajua hayo matatu, mengine hujipanga. Kwa hiyo tumeanza nayo, na majibu ya mbele yatakurudisha huko mara kwa mara.

## Mvua, upepo na bahari

Mvua hunyesha Tanga miezi ipi?

Masika huanza katikati ya Machi na kukaza Aprili na Mei, na Mei ndio mwezi wa mvua nyingi kuliko yote. Vuli hushuka kati ya Oktoba na Desemba, lakini vuli haina msimamo: mwaka huu italeta mafuriko, mwakani itapita kwa manyunyu. Katikati yake, Juni hadi Agosti, kuna mchoo, mvua fupi zinazoletwa na upepo wa kusi, aghalabu asubuhi, na kukatika jua likipanda. Wageni wengi hawana habari na mchoo, ndiyo maana hulowa Julai wakashangaa.

Kwa mwaka mzima mji hupata takriban milimita 1,300. Miezi unayoweza kuiita mikavu bila kusita ni Januari na Februari tu.

Nikija wakati wa masika nitakuwa nimepoteza safari?

Hapana, mradi usipange mambo ya kiangazi. Mvua ya pwani mara nyingi hupiga usiku na alfajiri, kisha mawingu yanafunguka na watu wanatoka kwenye shughuli zao. Siku ya kunyesha mfululizo kutwa nzima ipo, ila si kila siku.

Utakachokosa ni bahari safi, kwa sababu mito hushusha tope na maji ya karibu na midomo yake hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Barabara ya udongo ya kupanda Amani nayo huwa ya shida (tazama sehemu ya viumbe na misitu). Utakachopata ni mji wa kijani kibichi, vyura wanaoimba kuanzia magharibi, nyumba za wageni zenye nafasi, na wenyeji wenye muda wa kuzungumza. Anayetaka kuijua Tanga, wala si kuogelea tu, masika yatamfaa sana.

Mwezi gani ni mzuri kuliko yote?

Septemba na mwanzo wa Oktoba. Ni demani: kusi imeishiwa nguvu, kaskazi haijafika, vuli bado haijashuka, bahari imelala na hewa haijawa nzito. Wa pili ni Februari, kwa asiyeogopa joto.

Kaskazi na kusi zinamhusu vipi mtu asiye mvuvi?

Zinamhusu kuanzia sahani ya chakula hadi usingizi. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hivi hadi Machi. Huleta joto, usiku wa kutafuta upepo barazani, na bahari inayowaruhusu wavuvi kwenda mbali, kwa hiyo nguru, jodari na kolekole hupatikana kwa wingi. Kusi hushika kuanzia Aprili na kukaza Juni na Julai. Wakati huo ni kipupwe, jioni watoto huvaa sweta, na bahari ya nje huchafuka. Mashua ndogo hubaki ndani ya miamba, na bei ya samaki hupanda. Kama umekuja kwa ajili ya safari za visiwani, kusi kali ndiyo itakayokurudisha ufukweni, wala si mvua.

Nitajuaje maji yatakupwa saa ngapi?

Tazama mwezi. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku husogea mbele kwa kama dakika 50. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Katika siku hizo, pwani hii yote, maji hujaa karibu saa kumi alfajiri na saa kumi alasiri, na hukauka karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku. Mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: maji hujaa karibu saa nne na kupwa karibu saa kumi, na tofauti kati ya kujaa na kupwa ni ndogo. Hayo ndiyo maji mafu.

Ukishika hilo unaweza kupanga safari nzima kichwani. Wataka kutembea juu ya miamba na kuona kaa, majongoo ya bahari na mashimo ya pweza? Njoo bamvua, asubuhi saa tatu uwe umeshafika. Wataka kuogelea bila kuhangaika? Njoo mchana wa maji mafu, au alasiri ya bamvua. Na usimdharau mvuvi mzee akikuambia muda: atahesabu siku za mwezi kwa vidole na mara nyingi hatakosea kwa zaidi ya nusu saa.

Naweza kuona jua likizama baharini?

Pwani yetu inaangalia mashariki, hivyo jua huchomoza baharini, halizami. Lakini Tanga ina bahati ya ghuba. Ukisimama upande wa rasi ya Raskazone unaotazama mji, jua huzama ng'ambo ya maji. Wanaopenda mawio waende upande wa bahari ya nje kabla ya saa kumi na mbili asubuhi.

## Mjini

Nina siku moja tu. Nianzie wapi?

Anza na pwani ya mjini, kwenye bustani zilizo juu ya ghuba. Kutoka hapo unaiona bandari, kisiwa cha Toten mbele yako, na mashua zikirudi. Zunguka mitaa ya kati kwa mguu: Boma la zamani, mnara wa saa, stesheni ya reli. Jua likianza kuchoma ingia mtaa wa Ngamiani, ule, upumzike, upite sokoni Mgandini. Alasiri nenda Raskazone kama maji yanajaa, au mapango ya Amboni kama yanakupwa. Magofu ya Tongoni na Amboni kwa siku moja inawezekana kwa gari, ila utakuwa unakimbia, nasi hatupendekezi.

Majengo haya ya zamani yalijengwa na nani?

Mengi ya yale makubwa ni ya enzi ya Wajerumani, waliouchagua mji huu kwa sababu ya ghuba yake iliyokingwa na upepo. Mwaka 1893 walianza kujenga reli kutoka hapa kuelekea Usambara, na ilipofika 1911 ilikuwa imeingia Moshi. Mwaka huohuo wa 1893 mtaalamu wa kilimo Richard Hindorf alileta miche ya mkonge. Iliyosalia hai ilikuwa 62, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani, na kutoka kwenye hiyo michache ukaenea uchumi wote wa mkonge uliojenga mji huu. Kwa hiyo ukiona jengo zuri la ghorofa lenye veranda pana, uliza lilihusiana na nini. Mara nyingi jibu ni reli au mkonge. Nyumba za maduka zenye milango ya mbao na majina juu ya dari ni za wafanyabiashara wa asili ya Kihindi, na zinastahili kutazamwa kwa utulivu uleule.

Majengo haya huumizwa na mvua zaidi ya kitu kingine. Chokaa hunyonya maji ya masika, chumvi ya bahari hula nondo, na bati likitoboka mara moja ghorofa ya juu huoza ndani ya misimu michache. Kila mwaka tunapoteza roshani, ngazi au ukuta. Piga picha, na ukikuta wenye nyumba, sema nao: wengi wanafurahi mtu akiithamini.

Ni kweli vita ya 1914 iliamuliwa na nyuki?

Nyuki walikuwepo, ila hawakuiamua peke yao. Mnamo Novemba 1914 jeshi la Waingereza, wengi wao askari kutoka India, wakiwa kama 8,000, lilishuka Raskazone kuuteka mji. Wajerumani na askari wao Waafrika, chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, walikuwa takriban 1,000. Mapigano yalipopita kwenye vichaka na mashamba, risasi zilichokoza mizinga ya nyuki, nao wakawashambulia watu wa pande zote mbili. Waingereza walirudi melini wakiacha silaha nyingi. Makaburi ya waliokufa yapo mjini. Ukienda, kumbuka kwamba wengi waliozikwa hawakuwa na ugomvi wowote na Tanga.

Mbona mitaa ya Ngamiani inaitwa kwa namba?

Ilipimwa kwa mistari iliyonyooka, ikapewa namba badala ya majina: Barabara ya Kwanza, ya Pili, na kuendelea. Kwa mgeni ni neema. Mtu akikuambia "Barabara ya Kumi na Tatu, nyumba yenye mwembe", utafika.

Kwa nini kuna baiskeli nyingi hivi?

Mji ni tambarare, barabara ni pana, na umbali si mrefu. Hapa Tanga, mama wa makamo mwenye baibui kwenye baiskeli hamshangazi mtu, akiwa na kapu mbele na mtoto nyuma. Kodi moja, utauona mji vizuri kuliko ukiwa ndani ya bajaji. Wakati wa masika angalia mitaro: maji yakifurika huwezi kujua barabara inaishia wapi na mtaro unaanzia wapi. Ukikuta dimbwi usilolijua, shuka usukume.

Wapi pa kuogelea?

Raskazone ndipo wenyeji wanapokwenda, na zipo sehemu za kulipia zenye ngazi za kuingilia majini. Usitarajie mchanga mweupe wa kilomita nyingi ndani ya mji, kwani ghuba yetu ni ya matope, mawe na mikoko. Mchanga mrefu uko kusini, Ushongo na jirani zake, ng'ambo ya Pangani. Saa ya kuingia majini inategemea maji, kama tulivyoeleza hapo juu.

## Mapango, magofu na visiwa

Mapango ya Amboni yako wapi, na yana nini?

Yako Kiomoni, kama kilomita 8 kaskazini mwa mji, kando ya barabara ya kwenda Horohoro. Ni mapango ya mawe ya chokaa yaliyoanza kama tabaka za chini ya bahari katika zama zinazokadiriwa kufikia miaka milioni 150 iliyopita. Maji ndiyo yaliyoyachonga. Mvua hubeba tindikali hafifu kutoka hewani na kwenye majani yanayooza, inayeyusha chokaa tone kwa tone, kisha inaiacha tena mahali pengine kama nguzo na mapazia ya mawe. Kwa hiyo kila masika pango linaendelea kujengwa. Gusa ukuta mwezi wa Mei utaona unalia maji. Rudi Februari utakuta mkavu.

Yako mapango 10, na wageni huingizwa moja tu. Ndani kuna vyumba virefu kama msikiti na vichochoro vya kupita kwa kuinama, na popo wengi sana. Muongozaji atakuonyesha maumbo ambayo watu wameyapa majina: kiti, mamba, meli, na mengine. Kisha, mkifika ndani kabisa, mwombe azime tochi. Giza la Amboni halina hata chembe ya nuru, na unachosikia ni matone, mbawa za popo na pumzi yako.

Kuna pia mahali pa mzimu, ambapo watu huja kuomba watoto, afya au riziki na kuacha vitambaa, ubani, chakula na sarafu. Usiviguse wala usivipige picha bila kuuliza. Pale kuna watu wanaoomba kwa dhati.

Ni kweli pango linafika Mombasa?

Wazee wametuhadithia hivyo, na wengine husema linafika Kilimanjaro. Uchunguzi uliofanywa 1994 haukupata hilo: pango refu kuliko yote halifiki hata kilomita moja. Hadithi ya mbwa aliyeingia Amboni akatokea mbali ni nzuri na tuendelee kuwasimulia watoto, lakini mtu asiende kutafuta hiyo njia. Ndani kuna mashimo na njia zinazofungwa na maji.

Naweza kwenda Amboni mvua ikiwa inanyesha?

Manyunyu hayana neno. Mvua kubwa subiri ipite, kwa sababu njia hutereza na mto Mkulumuzi ulio karibu hupanda haraka. Vaa viatu vyenye meno, si ndala. Vaa nguo usizozionea huruma, kwa kuwa kinyesi cha popo hakitoki kirahisi. Mwenye pumu au anayeogopa sehemu zilizobana amwambie muongozaji mapema, naye atampitisha vyumba vya mbele tu, ambavyo vinatosha. Ukitoka, tazama juu ya miti ya mtoni: mara nyingi kuna mbega.

Chemchemi ya Galanos ni salama?

Iko jirani na Amboni, na imepewa jina la Mgiriki mwenye mashamba ya mkonge. Maji yake ni ya uvuguvugu na yana kiberiti, utanusa kabla hujafika. Watu huogea kwa ajili ya ngozi na viungo, na wengi wanasema hupata nafuu. Usiyanywe, usiingie na kidonda kibichi, na usiache dawa ulizoandikiwa hospitali.

Tongoni kuna nini zaidi ya makaburi?

Makaburi yenyewe yanatosha. Tongoni iko kusini mwa mji, chini ya kilomita 20, kwenye barabara ya Pangani. Kuna gofu la msikiti na makaburi zaidi ya 40 ya karne za 14 na 15, mengi yakiwa ya nguzo, na ni machache sana pwani ya Afrika Mashariki yaliyokusanyika hivyo mahali pamoja. Yalijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa na Waswahili wenye mali na dini, waliofanya biashara kuvuka bahari. Sogea karibu na nguzo utaona vishimo vya mviringo. Humo viligandikwa vyombo vya kauri kutoka Uchina, kwa pambo na kwa fahari. Vyombo vimekwisha kung'olewa, alama zimebaki. Nguzo nyingi zimeanguka, zimelala pale zilipoangukia.

Karibu na hapa ndipo Vasco da Gama, akirudi kutoka India, alipoichoma moto meli yake São Rafael mapema 1499, kwa kukosa mabaharia wa kuiendesha. Mara nyingi watalii huambiwa habari hiyo kwanza. Sisi tunaona iwe ya mwisho: mji ulikuwepo kabla yake na ulikuwa na watu wake.

Nenda asubuhi au baada ya alasiri. Ni makaburi ya Waislamu, kwa hiyo vaa kwa stara, usikanyage kaburi wala kuegemea nguzo. Baada ya masika nyasi huwa ndefu, vaa viatu vilivyofunika mguu.

Kisiwa cha Toten kinafikika?

Kwa mashua ya kukodi, hakuna usafiri wa kawaida. Kuna mabaki ya misikiti na makaburi ya kale, pamoja na makaburi ya Wajerumani, vyote vikiwa vimefunikwa na msitu. Nenda na mwenyeji, maji yakiwa yamejaa, la sivyo utashukia kwenye tope.

Kisiwa cha Maziwe kimezama kweli?

Kinazama na kuibuka kila siku. Maziwe, nje ya Pangani, kilikuwa na mivinje na kilikuwa mahali mashuhuri pa kasa kutagia. Kilifanywa hifadhi mwaka 1975. Miti ilipotoweka mchanga ukakosa kitu cha kuushika, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 kikabaki fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa. Miamba inayokizunguka bado ni mizuri sana kwa kuzamia na miwani. Safari hupangwa kwa saa za kupwa, na wakati wa kusi kali nahodha mwema atakataa kutoka. Akikataa, mshukuru.

## Viumbe na misitu

Naweza kumwona silikanti?

Akiwa hai baharini, hapana. Samaki huyu alidhaniwa ametoweka pamoja na madinosaria, hadi mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Kuanzia miaka ya 2003 na 2004 wavuvi wa Tanga walianza kuwapata mara kwa mara kwenye majarife ya papa yaliyotegwa kwenye maji ya kina, na jambo hilo ndilo lililosababisha kuanzishwa kwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga mwaka 2009. Huishi kwenye miteremko yenye mapango, kina cha mita 50 hadi zaidi ya 100, na hupenda giza. Huzaa watoto hai na hukua polepole mno, kwa hiyo kila mmoja anayekufa wavuni ni hasara ya miaka mingi. Nyama yake haina maana mezani. Mtu akikuambia ana silikanti wa kuuza, usinunue na toa taarifa.

Kasa huanguliwa lini?

Kasa wa kijani hutaga zaidi wakati wa masika na baada yake, na mayai huchukua kama siku 50 hadi 60. Ushongo kuna watu wanaolinda viota na kuhamishia ufukweni mayai yaliyotagwa Maziwe, ambako maji yangeyaozesha. Siku ya kuanguliwa hukadiriwa, na wageni huruhusiwa kutazama wadogo wakielekea majini. Usiwashike, usiwamulike na simu, usisimame mbele yao. Kutembea kwenyewe ni sehemu ya maisha yao.

Na nyangumi?

Nyangumi wa nundu hupita pwani hii wakitoka kusini kuja kuzaa, kati ya Julai na Oktoba. Huonekana kwa bahati, kutoka mashua zinazokwenda nje. Mwambie nahodha asiwafukuzie.

Mikoko inafaa kutembelewa, au ni matope tu?

Ni matope, na inafaa. Ukiingia kwenye mikoko maji yakikupwa, na mwenyeji anayeijua, utajifunza kutofautisha mkoko wenye mizizi ya miguu mirefu, mchu unaochomoza vijiti vya kupumulia kutoka kwenye tope, mkandaa, muia na mlilana ulio mstari wa mbele kabisa baharini. Kila mmoja una mahali pake kulingana na unavyostahimili chumvi na muda wa kufunikwa na maji. Kamba na samaki wadogo hukulia humo. Mvua kubwa zikija, mikoko ndiyo inayozuia udongo usiende kuyazika matumbawe, na ndiyo inayopokea mawimbi kabla hayajafika kwenye nyumba. Ukionyeshwa mahali palipokatwa utaelewa kwa macho.

Amani ni mbali? Inafaa msimu gani?

Unakwenda Muheza, kisha unapanda milima ya Usambara Mashariki kwa barabara ya udongo yenye kona nyingi. Ni safari ya siku nzima kwenda na kurudi, na ni vizuri zaidi ukilala. Bustani ya mimea ya Amani ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902, na msitu wake ukawa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997. Kuna vinyonga, ndege wasiopatikana kwingine, na mashamba ya iliki, mdalasini na pilipili manga pembezoni. Mto Zigi unatoka huko, na maji yake yakizuiwa kwenye bwawa la Mabayani ndiyo yanayofika kwenye mabomba ya Tanga. Anayefungua bomba Chumbageni anakunywa mvua ya Amani, ndiyo maana msitu ule unatuhusu sana.

Ua dogo la zambarau la Saintpaulia, linalopandwa kwenye vyungu madirishani dunia nzima, linatokana na eneo hili. Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa Kijerumani wa wilaya, alituma mimea yake Ulaya miaka ya mwanzo ya 1890. Huota kwenye mawe yenye kivuli na unyevu. Ukiliona, liache.

Aprili na Mei usiende bila gari lenye nguvu na dereva anayeijua njia. Juni hadi Septemba ni baridi, beba sweta. Ruba wapo wakati wowote wa mvua: ingiza suruali ndani ya soksi.

## Misimu ya watu

Nikija mwezi wa Ramadhani nitapata chakula?

Mchana migahawa mingi hufungwa au huweka pazia. Asiyefunga hula, ila kwa staha, si barabarani. Uzuri uko jioni. Kuanzia saa kumi barabara za Ngamiani hujaa meza za futari: mihogo ya nazi, magimbi, ndizi, tambi, vitumbua, mkate wa kumimina, kachori, uji wa pilipili manga. Adhana ikilia, kimya, kisha vijiko. Ukikaribishwa barazani, kaa. Kukataa mara mbili mfululizo si vizuri.

Tarehe za Idi na Maulidi ni zipi mwaka huu?

Hufuata mwezi kuandama, hivyo kila mwaka hurudi nyuma kwa siku 10 au 11. Idi ya kwanza ni mwanzo wa Mfungo Mosi, Idi Kubwa ni mwezi wa Mfungo Tatu, na Maulidi huanza Mfungo Sita na kuendelea wiki kadhaa, kwani kila mtaa na kila madrasa husoma usiku wake. Mgeni anaruhusiwa kusikiliza. Kina mama hukaa upande wao, kina baba wao. Dufu zikianza hutatamani kuondoka.

Taarab bado ipo?

Ipo, zaidi kwenye harusi, na harusi hujaa baada ya Idi na kabla ya Ramadhani. Miaka ya 1960 na 1970 vikundi vya Black Star na Lucky Star vya hapa Tanga viliingiza magitaa na mapigo mapya, na mtindo huo ukaenea pwani nzima. Vijijini usikose mdumange wa Wasambaa na selo ya Wazigua, hasa baada ya mavuno, mvua zikishapungua.

Matunda gani yana msimu upi?

Machungwa ya Muheza hushamiri kuanzia katikati ya mwaka, utayaona yamepangwa mafungu barabarani. Embe ni Novemba hadi Februari. Madafu hayana msimu.

Nile nini ambacho ni cha hapa?

Bada, yaani ugali wa muhogo, kwa samaki wa nazi. Maandazi na mbaazi asubuhi. Pweza akiwa mbichi, na kisamvu. Kwa samaki, nenda soko la samaki la Deep Sea asubuhi mapema wakati mashua zinatia nanga na mnada unaanza. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wake hupumzika na wewe utakula samaki wa mwambani: changu au tasi.

## Maswali ya pembeni

Mvua imekata barabara. Nifanye nini?

Usivuke maji yanayotembea, hata kama basi la mbele limevuka. Uliza stendi ya Kange: madereva wanaotoka Segera na Horohoro hujua hali ya njia kabla ya taarifa yoyote. Mvua ya pwani ikikatika maji hushuka ndani ya saa chache.

Naweza kuunganisha Tanga, Pangani na Saadani?

Ndiyo, na ni safari nzuri kuliko zote za mkoa huu. Pangani ni mji mkongwe uliopo mdomoni mwa mto. Hapo ndipo Bushiri bin Salim, aliyeongoza upinzani dhidi ya Wajerumani, alinyongwa Desemba 1889. Saadani, kusini zaidi, ni hifadhi ambayo wanyamapori hufika hadi ufukweni. Masika udongo mweusi wa Saadani hunasa magari, kwa hiyo panga Julai hadi Oktoba, au Januari na Februari.

Kaburi la Shaaban Robert linatembelewa?

Liko Machui, kusini kidogo ya mji, njia ya kwenda Tongoni. Alizaliwa huko huko mwaka 1909 na alifariki mwaka 1962. Ni kijiji cha watu, si kituo cha utalii: piga hodi, wasalimie wazee kwa shikamoo, omba kuonyeshwa.

Naruhusiwa kuokota makombe na matumbawe?

Hapana. Ndani ya hifadhi ni kosa, na nje yake kombe tupu ni nyumba ya kaa. Wauzaji wakikuletea simbi kubwa au gamba la kasa, kataa.

Nina wazazi wazee. Wataweza nini?

Bustani za juu ya ghuba, Boma, Tongoni (pako tambarare), na mashua ndani ya ghuba asubuhi ya demani. Amboni waishie chumba cha kwanza. Wapelekwe saa mbili asubuhi au saa kumi jioni, na masika mwavuli uwe mkubwa, kwa sababu mvua yetu huja ya kuegama.